Mlango wa Maji

Nilianza kukipenda kigari cha dukani.
Si kwa jibini, wala kwa mkate mweusi:
kwa mpini wake tu.
Nikiuinamia, miguu inarudi kuwa yangu.
Napita safu ya sabuni, safu ya chakula cha paka,
na hatuna paka,
huku Sjoukje kwenye foleni akinitazama
kama mtu anayehesabu chenji isiyotimia.

Nikisimama wima, moto.
Unaanzia matakoni, unashuka nyuma ya mapaja.
Hatua mia moja na arobaini, nimezihesabu,
kutoka kwetu hadi benchi la kanisa,
kisha miguu inakuwa ya mtu mwingine,
mtu aliyelewa.
Nakaa. Nainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu.
Dakika tatu, moto umezimika.
Majirani wanadhani uzee umenitia ucha Mungu.

Na baiskeli, ajabu, naiendesha mpaka Stavoren na kurudi,
upepo wa mbisho usoni, bila hata ganzi.
"Mgonjwa gani huyu," alisema shemeji Durk,
"dukani hafiki kwa miguu,
lakini kwa baiskeli anakimbiza mabata?"
Nilinyamaza. Hata mimi nilianza kujishuku.

Picha ilipigwa Leeuwarden.
Walinisukuma ndani ya bomba jembamba,
likagonga, likakoroma, likagonga,
kama fundi anayetengeneza boti la chuma
na mimi nimesahauliwa ndani.
Daktari Renske, mdogo kuliko koti langu,
akanigeuzia kioo.
"Huu ni mfereji," akasema,
kidole kikishuka pingili kwa pingili.
"Hapa mpana. Hapa mpana. Hapa..."
Hakuhitaji kumaliza.

Miaka thelathini na mmoja nimefungua na kufunga mlango wa maji,
nikiwateremshia wenye maboti kiatu cha mti
kwenye ncha ya ufito, watie ushuru.
Mfereji unaozibika naujua.
Tope halivamii. Linatua.
Kila mwaka unene wa ukucha,
mpaka asubuhi moja boti lililopita tangu enzi za babu
linakwaruza ubavu.

"Mfupa umeota pembeni," akasema, "kano zimenenepa,
diski zimenyauka zikatokeza nje.
Ni umri, bwana Wiebren. Hukukosea kitu."
Mbona nikiinama napona?
"Ukiinama, mfereji unapanuka kidogo,
mishipa ya fahamu inavuta pumzi.
Ukisimama wima, unajibana tena."

Basi kigari, baiskeli, kamba ya kiatu:
kumbe mgongo nao ulikuwa na mlango wake,
ukifungua, ukifunga,
na safari hii mlipa ushuru ni mimi.

Hakukimbilia kisu.
Miezi sita ya mazoezi mbele ya televisheni,
chali, magoti kifuani,
Sjoukje akihesabu kwa Kifrisia na kuruka namba makusudi.
Sindano moja, iliyonipa wiki tano za ujana
kisha ikapotea njia.
Mguu wa kushoto ulipoanza kuburura zulia,
mimi ndiye niliyesema: tuchimbeni.

Walikata paa la mfupa mahali pawili,
wakakwangua kano, wakaacha nafasi.
Nafasi tu. Hawakuniwekea kitu kipya.
Sikujua mtu aweza kulala saa mbili
akaamka ametajirishwa na utupu
wa upana wa kidole.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakijarudi.
Daktari alinionya: kilichobanwa muda mrefu
huenda kisikumbuke.
Na mgongo bado unauma mvua ikikaribia,
yaani, huku kwetu, kila siku.

Lakini Jumanne nililipita benchi la kanisa.
Sikutazama nyuma, niliogopa litaniita.
Dukani nikachukua kikapu, nikakiacha kigari mlangoni.
Sjoukje hakusema neno.
Kwenye safu ya chakula cha paka
akatumbukiza kopo moja kikapuni mwangu,
akasubiri kuona
kama nitainama.